Tulipopunguza farasi ndo pikapu ikaongeza spidi

Watu wakisikia najihusisha na pikapu za dizeli zinazokimbizwa kwenye jangwa la chumvi kule Bonneville, Utah, swali lao la kwanza huwa lile lile, ina farasi wangapi, yaani injini ina nguvu kiasi gani? Zamani nlikuwa najibu kwa majivuno kabisa, 740, halafu nanyamaza nione sura zao. Saivi nikiulizwa nauliza na mimi, farasi 740 kwa sekunde ngapi? Maana hapo ndo penyewe, na imenichukua miaka minne na pistoni moja iliyoyeyuka kama mshumaa kulielewa hilo swali.

Mi ni fundi wa dizeli, niko Utah, mchana natengeneza malori. Mwaka 2011 mzee mmoja mteja wetu wa gereji akaleta Dodge Ram ya 1996, ile yenye Cummins lita 5.9 ya valvu 12, akasema anataka maili 200 kwa saa, yaani kilomita 320 na ushee. Pikapu kubwa, pua bapa kama kabati la nguo! Nikacheka. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata nikawa chini ya dashbodi nachomoa nyaya, kazi ambayo nilipewa mimi kila mara kwa sababu ni mfupi na wengine wote pale hawaenei.

Kwa asiyeijua ile injini, ndo ileile iliyo kwenye mabasi ya shule na mashine za kilimo, chuma kitupu, silinda sita mstari mmoja, na pampu yake ya mafuta ya Bosch P7100 ambayo mafundi wanaipenda kuliko wake zao. Haina kompyuta. Ukitaka nguvu unafungua pampu, unabadilisha springi za gavana, kile kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi, unasogeza kile kisahani kinachozuia mafuta, unaweka nozeli kubwa na turbo kubwa, basi. Kutoka kiwandani ile ya gia za mkono ilikuwa na farasi 215, na kuifikisha 500 wala si hadithi, watu wanafanya wikendi. Dizeli haina kile kilango cha kubana hewa kama petroli, hewa inaingia yote muda wote, nguvu unaipimia kwa mafuta tu, kwa hiyo ukimwaga mafuta mengi zaidi unapata nguvu zaidi mpaka hewa iishe, na hewa ikiisha yale mafuta ya ziada hayapotei bure, yanatoka kama moshi mweusi na yanatoka ya moto.

Na hapa niseme kitu kitakachoniletea maneno: wale wanaoshindana nani anatoa moshi mwingi wananiudhi. Moshi mweusi ni mafuta uliyoyanunua yakakataa kukufanyia kazi. Zaidi ya hapo sheria ya hewa safi ya Marekani hairuhusu kung'oa vifaa vya kuzuia uchafu kwenye gari la barabarani, hilo ni gari la mashindano peke yake tunaloliongelea hapa, linapanda trela kwenda na linapanda trela kurudi.

Basi tukajenga. Boliti za silinda hedi tukatoa tukaweka stadi ngumu, vile vyuma vyenye uzi pande zote mbili, tukachonga pete za chuma kuzunguka kila silinda ili gasketi isipulizwe, springi za valvu nzito, nozeli kubwa, na kile kipini maarufu cha kwenye kava ya gia za taimingi tukakizibia kwa kibati kisidondoke, maana hizi injini zina ugonjwa huo, kipini kidogo kama kidole cha mtoto kinatoka chenyewe kwa mtetemo kinaangukia kwenye gia na injini imekwisha. Tukaenda kupima kwenye mashine ya kupimia nguvu, ikatoa farasi 740. Tulipiga picha na kila kitu.

Agosti 2012 tukapanda chumvini. Wiki yenyewe inaitwa Speed Week, ipo tangu 1949, inasimamiwa na Southern California Timing Association, na mahali penyewe ni jangwa la chumvi karibu na mji wa Wendover, mita 1,280 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyeupe mpaka macho yanauma. Hakuna aliyeniambia kwamba pale jua linakupiga kutoka chini, jioni ya siku ya kwanza nilikuwa nimeungua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, na wazee wanaovaa kaptula wana stori zao za sehemu nyingine walizoungua sizisemi hapa.

Njia ndefu ni maili tano. Gari lenye gia ndefu haliwezi kuondoka lenyewe vizuri bila kuua klachi, kwa hiyo linasukumwa kwa nyuma na gari jingine mpaka kilomita 80 hivi kwa saa ndo dereva anaachia klachi na kuondoka. Na linalosukuma mara nyingi ni pikapu ya dizeli ya kawaida kabisa yenye kiyoyozi na kahawa kwenye kishikizo. Nliipenda hiyo sana, pikapu inasukuma pikapu.

Dereva wetu alikuwa mpwa wake mzee, kijana mrefu wa karibu mita mbili. Mgeni haruhusiwi kukanyaga moja kwa moja, leseni zinapandishwa hatua kwa hatua, unakimbia spidi ndogo kwanza wanakuona, kisha unaruhusiwa zaidi. Siku ya tatu ndo tukaruhusiwa kwenda kwa nguvu. Sisi tulio pembeni hatuoni kitu, unasikia sauti tu ikienda mbali halafu redio inasoma spidi. Kijana akarudi anatetemeka kwa furaha, geji yake imesoma 199! Tukakumbatiana pale. Halafu tukaenda kuchukua kikaratasi cha muda, sisi gereji tunakiita risiti, na risiti ikasema 179.

Maili 20 zimeenda wapi?

Zilikuwa kwenye matairi. Geji inahesabu tairi linavyozunguka, haijui kama gari nalo linasogea, na chumvi si lami, hasa asubuhi ikiwa na unyevu inateleza kama sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni. Usiku ule nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo nilitakiwa kuipiga mwaka mzima nyuma. Pikapu kama ile, hata ukiishusha na kuifunika nyuma, kwenye maili 200 hewa peke yake inaisukuma kifuani kwa nguvu ya kama uzito wa kilo 490. Hiyo ni hewa tu, bado chumvi inavyovuta magurudumu. Ili uishinde, matairi ya nyuma yashike, na ya nyuma yatashika vipi wakati injini yenyewe ina nusu tani na yote iko mbele na bodi ya nyuma ni bati tupu? Pikapu ilizaliwa ibebe mzigo nyuma. Tuliipeleka haina mzigo.

Kwa hiyo mwaka uliofuata tukafanya kitu ambacho kila mtu wa drag, zile mbio fupi za mstari ulionyooka, akija gereji anadhani tumechanganyikiwa, tuliongeza uzito. Kilo 400 za risasi na chuma juu ya akseli ya nyuma, zimefungwa kwa boliti nene kama mkono wa mtoto. Kwenye drag una mita 400, kila kilo inakunyima. Huku una maili tano, kilo inachelewesha kidogo mwanzoni halafu inakulipa kwenye kushika.

Nikatazama na gia. Hii nataka niieleze taratibu kwa sababu ndo inawakwamisha wengi wenye dizeli. Dizeli haipendi kuzunguka haraka. Tairi letu lina kipenyo cha inchi 28, kwenye kilomita 320 linazunguka kama mara 2,390 kwa dakika. Difu ya kiwandani ni 3.54, gia ya tano ni 0.75, zidisha zote, injini inatakiwa izunguke zaidi ya mara 6,300 kwa dakika. Cummins ya valvu 12 kwa 6,300? Utaokota vipande. Tukatafuta difu ya zile za magari ya mashindano ya duara, zile unafungua kava la nyuma na kubadilisha gia mbili ukiwa umepiga magoti, dakika kumi na tano umemaliza, tukaweka 2.5, hesabu ikashuka mpaka kama 4,480. Bado ni nyingi lakini ndani ya uwezo.

Ila 4,480 ina deni lake. Mafuta ya dizeli yanahitaji muda, yaingie, yachanganyike na hewa, yawake, yaungue. Kwenye mizunguko 2,000 krenki kutembea nyuzi 60 inachukua milisekunde 5. Kwenye 4,480 ni kama milisekunde 2.2. Mafuta ni yale yale, muda umekatwa zaidi ya nusu. Yasipomaliza kuungua ndani yanamalizia kwenye ekzosi, joto linapanda. Ukisema basi niyaingize mapema, nisogeze taimingi mbele, presha ndani ya silinda inapanda na gasketi inaanza kulia. Uko katikati ya moto na nyundo, na kila unachokifanya upande mmoja kinalipwa upande wa pili.

Nlilijua hilo kichwani. Sikulijua mikononi mpaka Agosti 2013.

Tulikuwa na geji ya joto la ekzosi, tukamwambia kijana ikifika nyuzi 750 za selsiasi ondoa mguu. Risiti ya maili ya tatu safi, gari linavuta, matairi yanashika, maili ya nne 188. Kisha nikaona kwa darubini moshi umebadilika, mweusi ukawa na weupe ndani yake, na sauti ile ya kuunguruma ikawa na kitu kama mtu anakohoa. Akaachia parachuti. Tulipofika kwake akasema geji ilifika 750 akasubiri kidogo kwa sababu bado ilikuwa inaongeza spidi. Kidogo kiasi gani? Sekunde nne, labda tano.

Tulifungua hedi palepale chini ya turubai. Pistoni ya tano ukingo wake ulikuwa umekatika upande mmoja, si kuvunjika, kuyeyuka, umelegea na kuteremka kama nta, na kwenye ukuta wa silinda kulikuwa na mistari ya alumini imepakwa juu mpaka chini inang'aa. Alumini inayeyuka kwenye 660. Pistoni zinapona kila siku kwa sababu moto unazigusa sekunde ndogo sana na oili inarushwa kutoka chini ikazipoza, lakini ukiendelea kuzilisha joto bila kupumzika inafika pahali oili inashindwa. Nikaweka kidole pale ukingoni. Laini kabisa. Mzee alisimama nyuma yangu hakusema neno, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha kukunja.

Na hapo ndo nikaelewa swali la sekunde. Kwenye ile mashine ya kupimia nguvu gari linavuta kwa sekunde 8, labda 10. Drag ni sekunde 10 na kurudi. Lori langu la mchana linavuta mlima saa nzima lakini kwa farasi 400 na lina rejeta kama mlango. Chumvini unataka nguvu ya drag kwa muda wa lori, mguu uko chini karibu dakika mbili mfululizo, na hamna kitu kwenye ile injini kilichoandaliwa kwa ajili hiyo. Ile 740 yetu ilikuwa kweli, ila ilikuwa 740 ya intakula, kile kipozea hewa inayotoka kwenye turbo, ikiwa ya baridi na tenki lake lina barafu mpya. Tuliposoma kumbukumbu za kompyuta ya geji ikaonekana hewa inayoingia kwenye injini ilianza na nyuzi 40 ikafika zaidi ya 110 maili ya nne, barafu imekwisha, hewa ya moto ni hewa nyepesi, oksijeni pungufu na mafuta ni yale yale. Tulikuwa tunajipikia wenyewe.

Hesabu ya barafu niliipiga baadaye na ikaniaibisha. Turbo inayobana hewa mara nne inaitoa na joto la zaidi ya nyuzi 200, injini ya nguvu hiyo inakula zaidi ya nusu kilo ya hewa kila sekunde, kuipoza kwa muda wa mbio moja unahitaji kuyeyusha kama kilo 30 za barafu. Sisi tulikuwa na kilo 15 kwenye tenki kwa sababu tenki ndo lilivyoenea.

2014 tulifika tukakuta ziwa. Sitanii, mvua ilinyesha siku chache kabla na chumvi yote ilikuwa chini ya maji, watu wamesimama na trela zao wanapiga picha za milima ikijiona kwenye maji. Ikafutwa. 2015 ikafutwa tena, chumvi ilikuwa mbovu na tope. Wazee wa pale wanasema chumvi yenyewe imekuwa nyembamba kuliko ya ujana wao, na ukiongea nao jioni hilo ndo linalowauma kuliko rekodi yoyote.

Kwa hiyo tulikuwa na miaka mitatu ya gereji bila mbio, na nafikiri ndo iliyotuokoa, maana tungekuwa na mbio mwaka ule tungeweka pistoni mpya na kurudi na kosa lile lile. Nikawa nasoma jioni. Kampuni ya Gale Banks mwaka 2002 ilichukua Dodge Dakota, pikapu ndogo, ikaweka Cummins ile ile ya 5.9 ila ya valvu 24, farasi 735, ikaweka rekodi ya maili 217 kwa saa Bonneville, na ile pikapu ilienda chumvini kwa magurudumu yake ikivuta trela yake yenyewe. Farasi 735! Wale walikuwa na pungufu kuliko sisi kwenye karatasi, wakatuacha karibu maili 30. Nenda mbele mpaka 2006, JCB Dieselmax, injini mbili za silinda nne nne, kila moja 750, Andy Green akaendesha wastani wa maili 350.092. Lile si pikapu, ni mshale, na hapo unaona hewa inavyohesabu, farasi mara mbili tu ya zetu na spidi karibu mara mbili, wakati kusukuma hewa mara mbili ya spidi kunataka nguvu mara nane. Kilichobaki chote wamekipata kwenye umbo.

Nikamwambia mzee tupunguze mafuta. Aliniangalia kama nimemtukania mtu. Nozeli tukarudisha ndogo zaidi, turbo zikawa mbili, kubwa inailisha ndogo, ili hewa iwe nyingi kuliko mafuta kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Rejeta ikatolewa kabisa, mbele tukaziba, na nyuma kwenye bodi tukafunga tenki la maji lita 250 ambalo linapoza injini na pia ni uzito juu ya akseli, tukaondoa risasi kiasi hicho. Barafu kilo 60. Vioo vya pembeni nje, mianya ya boneti na milango tukaibandika tepu, pua ikashushwa mpaka karibu kugusa. Mashine ikasoma 690. Jamaa mmoja wa gereji akaniuliza, "Kaka, miaka mitatu yote umetafuta njia ya kupoteza farasi hamsini?"

Agosti 2016. Hewa iliyoingia kwenye injini maili ya nne ilikuwa nyuzi 46. Ekzosi ilipanda mpaka 690 ikakaa hapo hapo, haikusogea, kama mtu amefunga kamba. Moshi ulikuwepo kidogo wakati turbo zinaamka, baadaye hamna, unaona vumbi la chumvi tu. Risiti: 194.6.

Si 200. Rekodi ya daraja letu la magari iko juu ya hapo kwa hiyo hatukwenda hata kwenye lile eneo la kufungiwa, ambako ukivuka rekodi wanakupeleka, unapewa saa nne za kugusa gari, asubuhi unakimbia tena na wastani wa mbio mbili ndo unaohesabiwa. Tulifunga gari kwenye trela tukaenda kuliosha. Kuosha ni kazi ya wiki, chumvi inaingia pahali hewa haiingii, mwezi wa kumi nlifungua kiunganishi cha waya wa taa ya ndani nikakuta chembe nyeupe zimekaa humo zinaniangalia.

Kutoka 194.6 mpaka 200 kunataka nguvu zaidi kama asilimia 9, au hewa pungufu asilimia 9. Farasi 60 za ziada ninajua pa kuzipata na ninajua ukingo wa pistoni ulivyokuwa. Mzee naye amejifunza, juzi kaja na Dakota, bodi tupu imekaa kwenye matofali, mlango mmoja hauna. Ndogo kweli ukiiweka pembeni ya Ram. Tukapima keji ya usalama ilivyo na kiti ilivyo, mpwa wake akaingia na helmeti, shingo imekunjwa, helmeti inagonga bomba la juu. Tukashusha kiti mpaka sakafuni. Bado. Kijana akatoka anasugua shingo.

Mzee akasimama pale na futi yake ya kuvuta mkononi muda mrefu, anaangalia ile kabini. Halafu akageuka akaniangalia mimi, kuanzia viatu mpaka kichwani, akaanza kuivuta futi.